Mtoto wa Jaani na Kina Awiti wa Mjini

Nilimchukia mama mwenye nyumba wangu kwa miaka miwili na siku tano, na sioni haya kusema hivyo kwa sababu mwenyewe anajua. Jina lake Wanjira. Alikuwa mjane, ana ploti ya vyumba vinane vya mbao na mabati pale mtaa wa Satellite, na shamba dogo huko Mutuini alikofuga ng'ombe mmoja. Wapangaji walimwita Mama Haron, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mimi pia nilimwita hivyo mbele yake. Nikiwa chumbani kwangu nilimwita majina mengine.

Ungekaa kwake ungenielewa. Nguo mbichi zisianikwe kwenye ua wake. Redio izimwe taarifa ya habari ikiisha. Maji ya vyombo yasimwagwe karibu na mfereji. Na samaki, yawa, hiyo ndiyo ilikuwa vita yetu kubwa. Nikiweka tu sufuria motoni, mlango wake unafunguka, anatoka, anasimama uani mikono kiunoni, kisha anauliza kwa sauti, wapangaji wote wasikie, kama kuna mtu amekufa. Mimi ni mtu wa Nyanza. Nisipokula samaki nile nini, mawe? Nilikuwa namjibu, tena simjibu kwa kunong'ona. Basi tukaenda hivyo, mwaka wa 1970, mwaka wa 1971, kila mmoja anamwona mwenzake ni adhabu aliyoletewa.

Jambo ambalo hakulijua, kwa sababu sikumwambia, ni kwamba kabla ya kuhamia kwake nilikuwa nimezika watoto wawili. Wa kwanza, mvulana, alifika miezi minane akachukuliwa na surua. Wa pili, msichana, aliishi wiki tatu. Homa ilianza asubuhi, na kufika jioni tulikuwa hatuna mtoto. Wakati huo tulikaa Kaloleni kwa shangazi yangu Ajwang. Tulihama kwa sababu sikuweza tena kulala katika chumba kile. Mume wangu, Zachariah Ogutu, alikuwa tarishi katika ofisi moja ya bima katikati ya mji, na Jumapili alikuwa msomaji kanisani. Kila siku alipiga magoti akaomba tupewe mwingine. Mimi pia niliomba, lakini nilikuwa naomba huku nimekasirika.

Mwezi wa tatu, mwaka wa 1972, nikajifungua msichana.

Sasa hapa lazima nieleze desturi, maana bila hiyo utaniona mwendawazimu. Kwetu Wajaluo, watoto wakifuatana kufa, anayezaliwa baada yao hapokelewi kwa vigelegele. Anatupwa. Usishtuke, ngoja nimalize. Mama anamfunika vizuri, anamweka jaani au kando ya njia, anageuka na kuingia nyumbani bila kutazama nyuma. Mwanamke mwingine, ambaye wamekwisha kupatana, anakuwa amesimama karibu. Huyo anamwokota, anakuja naye mlangoni kama mgeni, anasema ameokota mtoto, je, kuna anayemtaka? Mama anatoa kitu kidogo, kuku au unga, anamnunua. Kwa hivyo mauti yakija kumtafuta mtoto wa Philister, yaani mimi, yanaambiwa Philister hana mtoto. Wake alimtupa, na huyu aliye naye ni wa kununua. Mtoto wa namna hiyo akiwa msichana anaitwa Awiti. Akiwa mvulana anaitwa Owiti. Jina ni moja.

Ogutu hakutaka hata kusikia. Alisema sisi ni Wakristo, mtoto ataitwa Eunice, atabatizwa Jumapili ya tatu, na kama ni kulindwa atalindwa na Mungu. Nikamwambia wale wawili nao walibatizwa. Alivaa koti lake, akaenda kazini. Nami nikafanya anachofanya mwanamke ambaye mumewe ameenda kazini: nikapanga mambo yangu.

Shangazi Ajwang ndiye angekuwa mwokotaji. Tulichagua Jumanne, kwa sababu Jumanne Wanjira hushinda shambani kwake Mutuini, na sikutaka yule mama, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwao, anikute nimelaza mtoto mchanga kwenye takataka zake. Shangazi angepanda basi kutoka Kaloleni hadi mjini, kisha jingine hadi Satellite, asimame nje ya lango karibu na jaa. Mimi sikupaswa kumtafuta kwa macho. Redio ikipiga saa tatu asubuhi, naweka mtoto; yeye anaokota. Kazi rahisi.

Siku ilipofika nilimnyonyesha mpaka akashiba. Nikamkunja ndani ya shali jipya la manjano. Redio ikapiga. Nilitoka, nikatandika gazeti safi juu ya majivu na maganda ya viazi, nikamlaza. Macho alikuwa ameyafumba, mdomo unacheza kama bado ananyonya. Sitaki kueleza sana hapo. Niligeuka nikaenda. Ni hatua kumi na tano tu kutoka langoni hadi mlango wangu, na kila hatua nilikuwa najiambia, Philister, usigeuke, Philister, usigeuke. Nikaingia, nikafunga, nikashusha pazia, nikakaa kitandani nimejishika mikono.

Haikupita dakika moja nikasikia hatua. Nikasikia mwanamke anavuta pumzi kwa nguvu, mtoto akatoa sauti ndogo, kisha hatua zikaondoka haraka. Nilicheka peke yangu. Nikasema, kweli shangazi yangu ni hodari, hata kushtuka anajua kuigiza. Nikachukua kibakuli cha unga nilichokuwa nimekiweka tayari, nikasimama nyuma ya mlango, nikangoja abishe.

Nilingoja muda wa kuchemsha chai. Nikangoja muda wa kupika uji. Mwishowe mlango ukabishwa, nikafungua na unga wangu mkononi. Alikuwa shangazi Ajwang kweli, viatu ameshika mkononi, jasho linamtiririka, na kifuani hana kitu. Alikuwa amesinzia kwenye basi, akapitishwa kituo hadi Kawangware, akarudi kwa miguu. Alinisogelea akanong'ona.

"Nisamehe mwanangu, nimechelewa. Uko tayari sasa? Mtoto yuko wapi?"

Ule unga ulimwagika wote. Sikumbuki kuufungua mkono. Nakumbuka nikiwa jaani nimepiga magoti, nafukua maganda, na gazeti lipo, na mtoto hayupo. Nyakio, mpangaji wa chumba cha pili, alikuwa anarudi kutoka dukani na mkate wake. Akasema amekutana na Mama Haron njiani. Kumbe alikuwa amerudi kuchukua mbegu za maharagwe alizosahau, lakini mbegu hakuzibeba. Alikuwa amekumbatia kitu ndani ya sweta, anaongea peke yake kwa Kikuyu, anakwenda mbio upande wa kituo cha polisi. Nyakio alidhani ameokota kuku wa wizi.

Nilikimbia pekupeku, siku tano baada ya kujifungua, na shangazi nyuma yangu anamwita Mungu kwa lugha mbili.

Kituoni, Wanjira alikuwa ameketi kwenye benchi, mgongo wima kama aliye kanisani, na kutoka ndani ya sweta yake kimechomoza kipande cha shali la manjano. Mbele yake, nyuma ya meza, alikuwa Inspekta Mwololo, mtu mrefu wa Machakos mwenye sauti ya upole. Wapole wa namna hiyo ndio wagumu. Kitabu chake kikubwa kilikuwa wazi na alikuwa amejaza nusu ukurasa. Wanjira aliponiona hakuinuka. Alisema tu, huyo ndiye. Nikanyoosha mikono nimchukue mtoto wangu, naye akamsukuma ndani zaidi ya sweta.

"Nikimpa leo," akamwambia inspekta, "kesho nitamtoa chooni."

Nilisema mengi. Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kijaluo, shangazi akayasema yote tena tangu mwanzo. Inspekta alisikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akaeleza, bila hasira hata kidogo, kwamba kumtupa mtoto ni kosa la jinai. Kwamba kitabu chake hakina mahali pa kuandika mtoto aliyetupwa kwa upendo. Na kwamba kila wiki huketi mbele yake mtu mwenye hadithi nzuri. Mwanamke wa nyumba ya watoto angekuja saa kumi na moja jioni kumchukua mtoto. Mimi ningelala ndani, na kesho kortini. Kama ninaye mtu wa kuaminika, mwenye kazi yake na akili zake, wa kuja kusema kwamba jambo hili lipo kweli duniani, basi aje kabla ya saa hiyo. Shangazi hakuhesabiwa. Shangazi alikuwa ndani ya njama.

Nikampa nambari ya simu ya ofisi ya mume wangu. Kati ya inspekta na Ogutu, sijui niliyemwogopa zaidi.

Yaliyotokea mjini nilisimuliwa baadaye. Simu ilipokelewa na opareta wa ofisi, aliyeitwa Miss Rosalia: wigi, viatu vya kisigino kirefu, Kiingereza cha puani. Ogutu alikuwa amefanya kazi naye miaka minne, na maneno yao yote yalikuwa ni habari za asubuhi na barua zimefika. Alimwunganisha Ogutu na inspekta, na kama maopareta wote, akasikiliza. Ogutu aliambiwa mke wake amemtupa mtoto kwenye takataka, na kwamba mke anasema mtoto huyo anaitwa Awiti. Aliweka simu chini. Akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, kichwa ameshika. Ananiambia wakati ule hakumfikiria mtoto wala mimi. Alifikiria kanisa, na watu watasemaje. Ananiambia hivyo mwenyewe, na ndiyo maana nampenda.

Miss Rosalia akavua vile vyuma vya masikioni akamfuata. Akamwuliza kama analijua jina lake la nyumbani. Ogutu hakulijua.

"Ni Awiti," akasema. "Niliokotwa njia ya mtoni, na mama aliyeniokota nampelekea sukari kila Krismasi mpaka leo. Simama tuwatafute wengine."

Sasa, tarishi ni mtu asiyetazamwa na yeyote lakini anaujua kila mlango. Kwa miaka sita Ogutu alikuwa amesambaza barua mji mzima, na majina ya kwenye bahasha yalikuwa kichwani mwake pamoja na ghorofa zake na vyumba vyake. Akayapitia pale pale kwenye ngazi. Kulikuwa na Sista Awiti, mkuu wa wodi katika hospitali moja kubwa, aliyekuwa akimsainia fomu za wagonjwa. Kulikuwa na mama mmoja Awiti, muuza samaki kule soko la mjini, meza ya tatu ukiingia, aliyekuwa na bima ya banda lake. Na kulikuwa na Owiti, karani wa benki, ambaye Jumamosi huwa winga wa kulia na mji mzima unalijua jina lake. Wote aliwafahamu. Alikuwa amesimama mbele yao mara mia, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza walilipataje jina hilo, na yeye ni Mjaluo mzima. Mchana ule alikwenda kwa mmoja mmoja na swali ambalo mtu mwenye adabu hamwulizi mkubwa akiwa kazini: samahani, wewe nawe ulitupwa?

Huku kituoni saa zilikuwa zinakwenda. Saa sita mtoto akaanza kulia. Akilia, maziwa yangu yanatoka. Yalilowesha gauni mbele mpaka kiunoni, na sikuwa na leso ya kujifunikia. Wanjira alimbembeleza, akamwimbia, akamtembeza. Mtoto analia tu. Wanjira akanitazama, akalitazama gauni langu kwa muda mrefu, kisha akaja akakaa kando yangu na kuniwekea mtoto mapajani. Lakini hakumwachilia. Mguu wa mtoto, ule wa kushoto, aliushika mkononi mwake wakati wote ninanyonyesha, kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi sokoni.

Akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini nilifanya vile. Safari hii sikueleza desturi. Nilimwambia habari za mvulana wangu, alivyokuwa ameanza kukaa bila kushikwa. Nikamwambia habari za msichana wangu, ambaye hata sura yake naanza kuisahau, na kusahau kwenyewe kunaniumiza kuliko kifo chake. Nilimwambia kwamba ningeweza kumweka huyu wa tatu juu ya reli kama mtu angeniapia kwamba ndiyo njia ya kubaki naye. Nililia mbele ya mtu niliyeapa hataniona nikilia.

Wanjira alingoja mpaka mtoto akabadilishwa titi.

"Mimi nilizika mmoja wakati wa Emajensi ya mkoloni," akasema. "Msichana. Mimi hakuna mtu aliyenifundisha la kufanya."

Nilidhani sasa atanihurumia. Lakini mtoto aliposhiba akamchukua tena, akamrudisha kwenye sweta. Alisema huruma ni kitu kimoja na mtoto kwenye majivu ni kitu kingine, na macho yake mwenyewe ndiyo yaliyomwona kwenye majivu. Nikashika tama. Shangazi akawa anatazama saa ya ukutani na kuniambia nisiitazame.

Ilipofika saa kumi na nusu teksi ikasimama nje. Wa kwanza kushuka alikuwa Ogutu, na nyuma yake watu ambao sijawahi kuwaona wakiwa pamoja hata msibani. Sista Awiti na sare yake nyeupe, mkanda wa kishikizo cha fedha, saa imebanwa kifuani. Miss Rosalia na wigi lake. Mama Awiti wa samaki na aproni yenye magamba, na harufu iliyoingia kabla yake. Halafu Owiti. Konstebo wawili walisimama wima, na mmoja akampigia saluti kabla ya kujizuia.

Inspekta alitaka waseme mmoja mmoja, lakini wapi. Walikuwa wameanza kwenye teksi na hawakuwa wamemaliza. Wale watu wanne, siku hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kukutana, na tayari walikuwa wanaitana wajina na kubishana nani alitupwa vibaya zaidi. Sista Awiti alisema yeye ni njia panda, tena mvua inanyesha. Mama wa samaki akasema hiyo si kitu, yeye alikuwa jaani, jaa la kweli, na jogoo akampiga mdomo shavuni. Akamwonyesha inspekta kovu. Owiti alisema aliyekuwa amwokote yeye alikuwa bibi mzee, akaokota, akaenda naye nyumbani, akasahau kumrudisha mpaka jioni, na mama yake akawa karibu kuzimia.

"Basi nyinyi wote," inspekta akasema, "wazazi wenu wangekuwa wafungwa."

"Na sisi tungekuwa wafu," Sista Awiti akamjibu. Alisema hivyo kwa utulivu kabisa. Akaongeza kwamba yeye ni mwuguzi wa miaka kumi na minane, anajua sindano ya surua inafanya nini na anajua jaa halitibu homa. Hakuja pale kusema kwamba linatibu. Alikuja kusema kwamba mwanamke aliyezika wawili anahitaji kitu cha kufanya kwa mikono yake, la sivyo wa tatu ataogopa hata kumpenda. Mama yake mwenyewe alikuwa hivyo.

Sasa ikawa zamu ya Ogutu. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kwa hasira zake. Alivua kofia yake ya kazi, akasimama mbele ya meza, akamwambia inspekta kwamba yeye ni msomaji wa kanisa, kwamba alimkataza mke wake jambo hili, na kwamba aliyasoma maombi ya mazishi mara mbili kwa mdomo wake kwa sababu mchungaji alikuwa mbali. Akasema maombi yalikuwa mazuri. Owiti akamshika bega.

Inspekta Mwololo alifunika kalamu yake. Alisema amesikia, na kwa upande wake ameridhika, lakini mtoto aliletwa pale na mlalamishi, na jina la mlalamishi limeandikwa. Kama Mama Haron atasema mtoto arudi kwa mamake, atafunga ukurasa. Kama hatasema, mwanamke wa nyumba ya watoto atakuja kwa saa yake. Sote tukamgeukia Wanjira.

Alikuwa amekaa pale pale, mtoto amelala kifuani mwake. Aliwatazama mmoja mmoja, kuanzia kiatu hadi kichwa, kama anavyotazama wapangaji wapya. Akamwuliza Sista Awiti kama yeye naye ni Mkristo. Sista akasema ndiyo, kwaya. Akamwuliza mama wa samaki. Ndiyo, tangu utoto. Kisha akasema mambo ya kutupa watu yeye hayamo wala hatakuwamo, ni mshirika kamili wa kanisa na ni mwenyekiti.

Sista Awiti akamsogelea. Akamwambia kwamba wao wote wanne waliokotwa kwa mapatano. Aliyetupa anajua, aliyeokota anajua. Huyu mtoto ndiye pekee aliyeokotwa kweli, na mtu aliyekuwa tayari kwenda naye. Kama ni kulindwa, hakuna Awiti aliyewahi kulindwa hivyo.

Ogutu, yule yule wa Eunice na Jumapili ya tatu, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Akatoa vilivyokuwa mifukoni: kitana, tiketi ya basi, kalamu ya ofisi. Akavipanga mbele ya miguu ya Wanjira.

"Mama, tumesikia umeokota mtoto," akasema. "Tunakuomba utuuzie."

Wanjira alikitazama kile kitana. 

"Mtoto hauzwi," akasema. "Na mimi sikutupa mtu. Mimi niliokota, na kuokota si dhambi." Kisha akaanza kusema haraka, macho yako kwa mtoto. Wanawe wawili walikuwa wamezaa wavulana watupu. Kwao, jina la nyanya hupewa mjukuu wa kike, na asipopatikana, mwanamke anakufa na jina lake. Jina lake halikuwa limepata mtu. "Muiteni hilo jina lenu, sikatai. Lakini aitwe Wanjira pia."

Shangazi Ajwang ndiye aliyejibu, kabla ya mimi na Ogutu kufungua mdomo. Alisema kwa kuku tungepata mtoto, na kwa unga tungepata mtoto, lakini kwa bei hii tumepata na bibi yake. Inspekta akaifungua tena kalamu yake na kuandika, mtoto, jina Awiti Wanjira. Akauliza jina la mama. Nikataja langu.

"Andika wawili," Wanjira akasema.

Inspekta akatutazama, akaandika wawili. Yule mwanamke wa nyumba ya watoto tulipishana naye mlangoni, na Owiti akamfungulia njia kwa heshima.

Tulirudi Satellite kwa miguu, jua linaelekea Mutuini. Nilidhani Wanjira atanipa mtoto tukitoka kituoni. Hakunipa. Nikadhani atanipa dukani, hakunipa. Alimbeba njia nzima, na watu aliokutana nao aliwasalimu kwa Kikuyu na kupita bila kueleza. Tulipofika langoni akasimama kando ya lile jaa, gazeti langu bado lipo juu ya majivu. Akamtoa mtoto kwenye sweta, joto la kifua chake bado liko kwenye shali, akaniwekea mikononi.

"Shika mtoto wako," akasema. "Na usimtupe tena."

Nikasema ahsante, Mama Haron. Akasema nisimwite hivyo, yeye sasa ana binti, nimwite Mama Wanjira. Akaenda hadi mlangoni kwake, akageuka na mkono kwenye komeo, akasema mtoto akilia nisijifanye shujaa peke yangu, nimgongee.

Alilia. Nikagonga. Ni miaka saba sasa, na mlango ule bado naugonga.